Wodi Iliyoandika Makosa Mengi

Mwanzoni mwa miaka ya 1990, mwanafunzi mmoja wa uzamivu pale Harvard alikaa mbele ya kompyuta kuona kama kazi ya miezi sita imezaa matunda. Alitarajia kukuta kwamba wodi zenye timu nzuri, ambako wauguzi wanaelewana na kiongozi anajua kazi yake, hukosea dawa mara chache. Kompyuta ikamwambia kinyume chake. Wodi zenye timu nzuri ndizo zilizokuwa na makosa mengi zaidi. Na wala haikuwa tofauti ndogo ambayo mtu angeipuuza. Uhusiano ulikuwa na nguvu, ila umesimama kichwa chini, miguu juu.

Mwanafunzi huyo anaitwa Amy Edmondson. Leo ni profesa wa uongozi na menejimenti katika Shule ya Biashara ya Harvard, na mwaka 2021, kisha tena 2023, orodha ya Thinkers50 inayopanga wanafikra wa menejimenti duniani ilimweka namba moja. Dhana inayoambatana na jina lake, usalama wa kisaikolojia, yaani hali ya watu katika timu kuweza kusema kosa, swali au wasiwasi bila kuogopa kukomolewa, imefika hadi kwenye semina za hotelini zinazoendeshwa na watu ambao hawajawahi kumsikia. Imesambaa, na katika kusambaa imepindapinda. Naona njia rahisi ya kuinyoosha ni kurudi kwenye zile wodi. Ukielewa kilichotokea kule, mengi yaliyofuata katika kazi yake yanajieleza yenyewe.

Kwanza, huyu mtu hakuanza na tabia za watu. Alianza na hesabu na vyuma. Shahada yake ya kwanza, aliyoipata Harvard mwaka 1981, ilikuwa ya uhandisi na usanifu. Akitafuta pa kuelekea, alimwandikia barua Buckminster Fuller, yule mbunifu mzee wa majengo ya kuba yanayoundwa kwa pembetatu nyingi, kumwomba ushauri wa kazi. Mzee akamjibu kwa kumpa kazi. Edmondson akawa mhandisi wake mkuu katika miaka ya mwisho ya uhai wa Fuller, aliyefariki 1983, na baadaye akaandika kitabu kizima kufafanua jiometri ya mzee huyo kwa lugha inayoeleweka. Kisha akahamia kampuni ya mafunzo ya uongozi, Pecos River, akiwa upande wa utafiti. Huko alikutana na makampuni makubwa yenye watu werevu ambao wakikaa pamoja hawajifunzi chochote. Swali hilo ndilo lililomrudisha darasani akiwa mtu mzima. Shahada ya uzamili katika saikolojia akaipata 1995, na uzamivu katika tabia za watu ndani ya taasisi mwaka 1996. Mwaka huohuo Shule ya Biashara ya Harvard ikamwajiri.

Nautaja uhandisi makusudi. Daraja likianguka, mhandisi mzuri haanzi kwa kutafuta mtu wa kufungwa. Anauliza kwanza mzigo ulipita wapi.

Sasa turudi wodini. Miaka ile kundi la madaktari na watafiti lilikuwa likichunguza makosa ya dawa katika hospitali mbili za kufundishia nchini Marekani. Dawa hospitalini hupita mikono mingi. Daktari anaandika, mfamasia anasoma na kutoa, muuguzi anapima na kumpa mgonjwa, na katika kila mkono kuna mahali pa kuteleza. Nukta ya desimali ikififia kwenye karatasi, 1.0 inageuka 10. Dripu inawekwa kasi isiyo yake. Kazi ya kundi lile ilikuwa kuhesabu. Wauguzi wachunguzi walizungukia wodi, wakapekua mafaili, wakauliza wahusika, wakaandika kila kosa waliloligundua. Edmondson alipewa kipande chake: apime hali ya timu katika wodi 8, kwa dodoso lililotoka katika kazi ya mwalimu wake, J. Richard Hackman, bingwa wa utafiti wa timu. Mwisho wa miezi sita, alama za timu zingewekwa sambamba na hesabu ya makosa. Nadharia tete yake ilikuwa ya kawaida kabisa: timu bora, makosa machache. Ni nani angebisha?

Tofauti kati ya wodi na wodi ilikuwa kubwa mno. Wodi iliyoongoza ilikuwa na makosa karibu mara kumi ya ile ya mwisho, ukigawanya kwa idadi ya siku za wagonjwa, yaani jumla ya siku ambazo wagonjwa wote walilala wodini. Na iliyoongoza ilikuwa ndiyo yenye alama za juu za timu.

Alipotulia, Edmondson akajiuliza swali ambalo kwangu mimi ndilo lililomfanya kuwa mwanasayansi: hii namba inapima nini hasa? Yeye alidhani inapima makosa. Kumbe ilikuwa inapima makosa yaliyojulikana, na hayo ni mambo mawili tofauti.

Tuchukue mfano wa kubuni. Wodi ya kwanza imefanya makosa 20 kwa mwezi, na wauguzi wake wamesema 18. Wodi ya pili imefanya 30, ikasema 3. Kwenye ripoti inayopanda ghorofani kwa wakubwa, wodi ya kwanza ni balaa na ya pili ni malaika. Mkurugenzi asiyejua anachokisoma atampongeza kiongozi wa wodi ya pili na kumwita wa kwanza ofisini ajieleze. Mwezi unaofuata, wodi ya kwanza nayo itajifunza kunyamaza. Hapo hospitali nzima itakuwa imeboresha takwimu zake, na wagonjwa wanaendelea kupewa dozi zisizo zao.

Makosa ya dawa yana tabia ya kujificha kuliko mengi. Mgonjwa aliyezidishiwa dozi anaweza kulala akaamka salama, na aliyekosea akawa ndiye binadamu pekee anayejua. Asiposema, hakuna mchunguzi wala faili litakalosema kwa niaba yake. Kwa hiyo hesabu yoyote ya makosa ina mambo mawili ndani yake: yaliyotokea, na ujasiri wa waliohusika kuyasema. Ukiyasoma kama jambo moja, utakuwa unawaadhibu wakweli.

Lakini kujiuliza hivyo hakutoshi. Mtafiti ambaye namba zimemgeuka anaweza kutunga maelezo yoyote ya kujifariji, na ya Edmondson yangeweza kuwa hayohayo. Akamtafuta msaidizi wa utafiti, Andy Molinsky, akamtuma wodini akae, aangalie, ahoji wauguzi. Hakumwambia nadharia tete ilikuwa nini. Hakumwambia wodi ipi ina makosa mengi wala ipi ilipata alama za juu za timu. Hilo la kutomwambia ndilo uti wa mgongo wa utafiti wenyewe, maana anayejua anachotafuta hukiona hata kisipokuwepo. Molinsky akarudi na wodi amezipanga kwa uwazi wa mazungumzo ya wauguzi wake, kutoka iliyo wazi kabisa hadi iliyofunga midomo. Mpangilio wake ukalandana karibu kabisa na mpangilio wa makosa yaliyogunduliwa.

Maelezo aliyokuja nayo ni ya kupendeza kwa udogo wake. Katika wodi moja yenye makosa mengi, muuguzi mkuu (ambaye huku kwetu tungemwita inchaji) alivaa sare za kazi kama wenzake na kushika kazi mikononi. Aliamini kwamba katika kazi ya namna ile kiasi fulani cha makosa hakikwepeki, kwa hiyo mtu asiadhibiwe kwa kusema. Katika wodi nyingine, yenye makosa machache kwenye karatasi, kiongozi alivaa kiofisi, kama meneja wa benki, na wauguzi wakaeleza kwamba ukikosea unahojiwa mpaka unajiona uko kizimbani. Sisemi suti ndiyo tatizo. Ila nguo zilionyesha kiongozi amejiweka upande gani wa meza.

Wahenga walishasema mficha maradhi kifo humuumbua. Walichoacha kueleza ni kwa nini mwenye maradhi anaficha.

Mimi niliwahi kufanya kazi katika ofisi moja iliyokuwa na sanduku la maoni. Sanduku zuri la mbao, lina kufuli. Lilitundikwa ukutani mkabala na mlango wa meneja, mlango ambao ulikuwa wazi kutwa nzima ili hewa ipite. Kutumbukiza karatasi ilibidi usimame ukimpa mgongo. Kila robo mwaka karani alilifungua, akalikuta tupu, na kwenye taarifa ya robo mwaka ikaandikwa kwamba wafanyakazi hawana malalamiko. Nilipokuja kusoma habari za wodi za Edmondson miaka kadhaa baadaye, nililikumbuka kufuli lile.

Sasa jina. Si yeye aliyebuni maneno usalama wa kisaikolojia, na hajawahi kudai hivyo. Edgar Schein na Warren Bennis waliyatumia mwaka 1965, wakizungumzia watu wanaotakiwa kubadilika katikati ya hofu. William Kahn akayarudia mwaka 1990, akiuliza ni wakati gani mfanyakazi anajitoa mzima kazini na ni wakati gani anajificha nyuma ya cheo chake. Wote hao walitazama zaidi alichonacho mtu mmoja moyoni. Edmondson alileta jambo jipya: hali hii ni mali ya timu. Katika hospitali ileile, chini ya mkurugenzi yuleyule na kanuni zilezile, wodi moja inasema na ya jirani inanyamaza. Kwa hiyo si suala la nani mwoga na nani jasiri, wala la utamaduni wa shirika zima. Kinachoamua ni mambo madogo ya kila siku baina ya watu wanaofanya kazi pamoja, na hasa namna kiongozi wao wa karibu anavyopokea habari mbaya.

Kulithibitisha hilo ilibidi atoke hospitalini. Makala yake ya mwaka 1999, ambayo ndiyo inayonukuliwa zaidi katika maisha yake ya kitaaluma, ilichunguza timu 51 katika kampuni moja ya Marekani inayotengeneza samani za ofisi. Dodoso la usalama lilikuwa na kauli 7 tu. Mfanyakazi anaulizwa anakubaliana kiasi gani na maneno kama haya: ukikosea katika timu hii, mara nyingi utawekewa kinyongo, humu tunaweza kuyataja matatizo hata yale magumu, ni vigumu kuomba msaada kwa wenzako. Matokeo yalikuwa na hatua mbili, na hatua hizo ndizo semina nyingi zinazoziruka. Usalama hauleti kazi nzuri wenyewe. Unaleta tabia za kujifunza: watu wanauliza, wanaomba kukosolewa, wanasema hili limetushinda. Tabia hizo ndizo zinazoleta kazi nzuri. Timu ambayo watu wanaongea kwa uhuru lakini hawajifunzi kitu imepata kijiwe tu.

Labda msomaji anajiuliza profesa wa shule ya biashara anafanya nini katika wodi za hospitali na viwanda vya samani. Jibu ni kwamba fani hii ya kuchunguza tabia za watu kazini ilizaliwa sakafuni kwa wafanyakazi. Elton Mayo, Mwaustralia aliyejiunga na shule hiyohiyo ya Harvard mwaka 1926, alijipatia jina kwa majaribio ya kiwanda cha Hawthorne karibu na Chicago, yaliyofanyika kati ya 1924 na 1932. Simulizi maarufu ni kwamba taa zikiongezwa mwanga, uzalishaji unapanda. Zikipunguzwa, unapanda pia, kwa sababu watu wamejua wanaangaliwa. Waliozipitia takwimu baadaye walikuta mambo si safi kama yalivyosimuliwa. Fani nzima imebeba hilo kama kovu: ni rahisi sana kudhani unapima jambo moja huku unapima jingine.

Na profesa wa namna hii ana mabwana wawili. Wa kwanza ni majarida ya kitaaluma, ambako makala inasomwa na wataalamu wasiotajwa majina, inarudishwa, inaandikwa upya, na inaweza kuchukua miaka kabla ya kuchapwa. Bila hayo hupati ajira ya kudumu. Bwana wa pili ni mameneja wanaokuja darasani au wanaokualika ukazungumze kwenye makampuni yao, na hao hawana muda na majedwali. Wanataka kisa na la kufanya Jumatatu asubuhi. Wengi hutumikia mmoja na kumpoteza mwingine. Edmondson amewaridhisha wote wawili, na gharama yake nitaifikia.

Kazi yake ninayoipenda kuliko zote ni ya chumba cha upasuaji. Pamoja na Richard Bohmer na Gary Pisano, alifuatilia hospitali 16 zilizokuwa zikijifunza aina mpya ya upasuaji wa moyo, na matokeo yakachapwa mwaka 2001. Katika upasuaji wa zamani daktari hupasua mfupa wa kifua na kuuona moyo mbele yake. Mshipa mkuu anaubana mwenyewe, na kibanio anakiona. Katika mbinu mpya tundu ni dogo, kati ya mbavu. Kuuziba mshipa, puto dogo hupitishwa kutoka kwenye mshipa wa kinena, likapanda hadi karibu na moyo, likajazwa hapo. Daktari halioni. Anayeliona ni wa dawa za usingizi, kwenye skrini ya mawimbi ya sauti, na puto lenyewe lina tabia ya kusogea. Likisogea, lazima mtu aseme sasa hivi, kwa sauti, kumwambia bingwa aliyezoea kuwa yeye ndiye anayesema na wengine wanapokea.

Kwa mbinu hiyo ukimya unaweza kuua, tena haraka. Hospitali zilizofaulu hazikuwa lazima zile zenye majina makubwa wala fedha nyingi, na ukubwa wa daktari haukusaidia kutabiri. Zilifaulu ambako bingwa aliwaambia wenzake mapema, na kurudia, kwamba bila macho yao hawezi, kisha akapokea walichosema bila kumkata mtu kauli. Kule ambako bingwa aliiona mbinu kama kifaa kipya cha mkono wake, timu zilikwama.

Kuhusu ukimya wenyewe Edmondson ana kisa chake, na ni cha kuumiza. Tarehe 16 Januari 2003 chombo cha anga cha Columbia kiliruka kutoka Florida, na sekunde chache zaidi ya 80 baadaye kipande cha povu la kuzuia joto kikachomoka kwenye tangi na kugonga bawa la kushoto. Mhandisi wa NASA, Rodney Rocha, akaingiwa na wasiwasi, akaomba zitafutwe picha za bawa. Ombi lake halikutekelezwa. Aliandika barua pepe kali, hakuituma kwa wakubwa. Alikuwepo kwenye kikao ambacho suala la povu lilipitiwa haraka, na akanyamaza. Tarehe 1 Februari Columbia ikasambaratika ikirudi, na watu wote 7 waliokuwemo wakafa. Baadaye katika mahojiano ya televisheni aliulizwa kwa nini hakusema. Akaonyesha kwa mikono: mimi niko huku chini kabisa, na yeye, mkuu wa kikao, yuko kule juu. Edmondson na wenzake waligeuza mkasa huo kuwa kisa cha kufundishia darasani.

Nakaa kidogo kwenye mikono ile, kwa sababu kuna jambo tunapenda kujisemea. Tukisikia habari za watu kuogopa kumwambia mkubwa ukweli, haraka tunalaumu malezi yetu: shikamoo, mkubwa hajibiwi, adabu mbele. Lakini Rocha hakulelewa kwa shikamoo. Alifanya kazi katika nchi ambayo watu humwita bosi kwa jina lake la kwanza, na katika taasisi iliyojaa watu wenye elimu ya juu. Alinyamaza vilevile. Maana yake adabu si mtuhumiwa mkuu. Unaweza kumwamkia mzee kwa heshima zote na bado ukamwambia dozi hii imezidi, ilimradi unajua kwa uzoefu kwamba aliyetangulia kusema hakukomolewa. Hicho ndicho kinachoangaliwa na kila aliyeko mezani: nini kilimpata wa mwisho aliyejaribu kumfunga paka kengele.

Umaarufu wa kweli ulimjia Edmondson kwa mlango wa Google. Kampuni hiyo ilianza mwaka 2012 kuchunguza timu zake zaidi ya 180, mradi ukaitwa Aristotle, kutafuta nini kinazitofautisha timu bora na za kawaida. Waliangalia mchanganyiko wa vipaji, elimu, tabia za watu, hata nani anakula na nani. Hawakuona mpangilio. Mwishowe jambo lililosimama juu ya yote lilikuwa usalama wa kisaikolojia, kama ulivyoelezwa katika ile makala ya 1999. Habari ikachapwa na Google mwishoni mwa 2015, jarida la New York Times likaibeba Februari 2016, na profesa aliyekuwa amesomwa na wanataaluma akasomwa na kila idara ya rasilimali watu.

Gharama niliyoitaja ilianzia hapo. Dhana iliyopatikana kwenye dripu na puto ikageuzwa kuwa habari ya kujisikia vizuri. Nimeona ikifundishwa kama vile inamaanisha mfanyakazi asikwazwe, kikao kiwe cha upole, na asiyefikia malengo asiguswe. Edmondson amekuwa akilipinga hilo kwa miaka. Kwake kuna vipimo viwili vinavyosimama kila kimoja kwa miguu yake: usalama wa kusema, na ukali wa viwango vya kazi. Usalama ukiwa juu na viwango chini, watu wanastarehe. Viwango vikiwa juu na usalama chini, watu wanaishi kwa hofu, na hapo ndipo makosa yanapofukiwa. Vyote vikiwa chini, kila mtu anasubiri mshahara. Anachokitafuta ni vyote viwili juu, na mahali hapo wala si pa raha. Ni mahali ambapo mwenzako anakwambia mbele ya watu kwamba hesabu yako ina kasoro, nawe unaifungua mkaitazama pamoja.

Hata tafsiri ya Kiswahili inachangia. Ukimwambia fundi au muuguzi usalama wa kisaikolojia, atafikiri ni habari za ushauri nasaha. Mimi ningeuita uhuru wa kufungua mdomo, ingawa najua nao haufuniki kila kitu, maana kuomba msaada na kukiri kosa si kuongea tu.

Kuna pingamizi zinazostahili heshima. Uchambuzi wa mwaka 2017 uliokusanya sampuli 136, zenye watu zaidi ya 22,000, uliunga mkono uhusiano wa usalama na kujifunza na utendaji. Ila sehemu kubwa ya tafiti hizi hutegemea watu kujaza dodoso, na anayejaza ni yuleyule anayefurahia au kuchukia kazi yake, kwa hiyo sababu na matokeo huchanganyika. Peter Cappelli wa Wharton, shule nyingine ya biashara ya Marekani, pamoja na wenzake, wameonyesha mwaka 2023 kwamba katika kazi za kurudia-rudia, usalama ukizidi kiwango fulani utendaji unaanza kushuka. Nadhani hoja hiyo ina uzito. Kazi ambayo jibu lake linajulikana haihitaji mjadala kila asubuhi. Wodi ya wagonjwa mahututi inauhitaji.

Edmondson mwenyewe amehamia kwenye swali la makosa yenyewe, akiyagawa katika ya uzembe au kutokuwa makini, ya mambo mengi yaliyogongana, na ya majaribio yenye akili mahali ambapo hakuna aliyewahi kupita. Huwauliza wakurugenzi ni asilimia ngapi ya kushindwa katika makampuni yao kunastahili lawama kweli. Hujibu 2 hadi 5. Kisha huwauliza ni asilimia ngapi kunashughulikiwa kana kwamba kunastahili lawama. Wanasita, wanacheka, halafu wanasema 70 hadi 90. Kitabu chake cha 2023 kuhusu mada hiyo kilishinda tuzo ya Financial Times ya kitabu bora cha biashara cha mwaka.

Mwaka huohuo, fani yake ilipata tikisiko kubwa, tena katika shule yake mwenyewe. Profesa mwenzake, aliyejulikana kwa tafiti za uaminifu na udanganyifu, alituhumiwa kwamba data katika baadhi ya makala zake zilichezewa ili zikubaliane na nadharia tete. Alikana, akaenda mahakamani. Mei 2025 Harvard ikamwondolea ajira ya kudumu. Sitaki kumhukumu hapa. Lakini kila mtu katika kazi hii anaijua hali ile ya kukaa mbele ya namba zinazokataa: makala inasubiri, kazi inasubiri, na mabadiliko madogo kwenye safu moja ya jedwali yangetuliza kila kitu.

Makala ya Edmondson kuhusu wodi 8 ilichapwa mwaka 1996, mwaka aliohitimu. Kichwa chake kinasema kwamba kujifunza kutokana na makosa ni rahisi kutamka kuliko kutenda. Ndani yake matarajio yake ya mwanzo yameelezwa kama alivyokuwa ameyawaza, na baada yake zinafuata namba zilizoyakataa.